Mkaguzi wa Mikia na Ndege ya Povu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Bwana Verlon Unruh atarudisha koti lake la kazi baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha ndege hapa Wichita kwa miaka thelathini na nane, yote katika idara moja, idara ya mikia. Wapo watakaolia. Wapo pia watakaokwenda nyuma ya stoo ya rangi kucheka kimyakimya. Mhariri wa jarida hili amenitwika kazi ya kuandika kwa niaba ya makundi yote mawili, nami nimejitahidi.

Alianza kama mpiga ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabati ya ndege, na wanaomkumbuka wakati huo wanasema alikuwa kijana mcheshi. Sisi wengine tunalipokea hilo kwa imani. Baadaye alipewa tochi, kioo kidogo chenye mpini mrefu na bunda la vibandiko vyekundu, akawa mkaguzi wa ubora, na kuanzia hapo idara haikupumua tena. Kibandiko chekundu maana yake kazi imekataliwa, irudiwe. Wakaguzi wengine hubandika wakiona kosa. Verlon alibandika hata pale kosa lilipokuwa bado linafikiria kuja. Aliwahi kuukataa mkia mzima kwa sababu ya ribiti moja iliyokaa, kwa maneno yake, "kama mgeni aliyelazimishwa kuja." Aliibandika mashine ya kahawa. Aliibandika keki ya kuzaliwa ya msimamizi wetu, akidai tabaka la juu limeegemea kushoto, na kusema kweli lilikuwa limeegemea.

Haki yake nimpe. Katika miaka yote ya ukaguzi wake, hakuna mkia uliopita mikononi mwake ukarudi na malalamiko. Kuna marubani na abiria wasiolijua jina lake ambao wamekula chakula cha jioni na watoto wao kwa sababu mzee huyu aliikodolea macho ribiti moja mpaka tukamchukia. Hilo si jambo dogo. Nimelisema, sasa tuendelee.

Nyuma ya jengo la rangi, ndani ya uzio wa kiwanda, kuna uwanja wa nyasi ambako klabu ya wafanyakazi hurusha ndege ndogo za rimoti kila Jumamosi, asubuhi na mapema, kabla upepo wa Kansas haujaamka na kuharibu kila kitu. Siku tano tunajenga ndege, ya sita tunazichezea. Kwa miaka mingi Verlon alipita pembeni ya uzio ule akitikisa kichwa.

"Watu wazima wenye ndevu, na midoli mikononi," alikuwa akisema.

"Mimi ndevu sina, mzee," alimjibu siku moja Marisela Ochoa, mpiga ribiti wa zamu ya asubuhi ambaye ndiye mwalimu wa urubani wa klabu yetu. "Una sababu nyingine ya kunidharau, au nikutafutie?"

Basi mkidhani tulishangaa Januari hii tulipomwona Verlon akiingia uwanjani na boksi kubwa kwapani, hamjakosea. Ndani ya boksi mlikuwa na ndege ya rimoti ya wanaoanza: mwili wa povu gumu jeupe, mabawa mapana, mota ya betri, na juu ya kifuniko picha ya mtoto anayecheka. Tulimzunguka tukasubiri maelezo. Hakutupa. Alimpa Marisela, kando, na kwa kuwa mimi nina tabia ya kusimama karibu na mambo yasiyonihusu, nilisikia.

Jambo lenyewe ni lango. Kanuni ya kiwanda ni kwamba mstaafu akishakabidhi kitambulisho, lango limefungwa kwake. Haingii tena, hata kusalimia. Anayesamehewa ni mwenye beji ya rubani ya klabu tu. Huyo huingia uwanjani kila Jumamosi mpaka siku ya mazishi yake. Lakini beji hutolewa kwa wafanyakazi, si kwa wastaafu. Kwa hiyo Verlon alipaswa kujifunza kurusha, kisha atue mara tatu bila msaada ndani ya mistari ya chokaa, kabla ya siku yake ya mwisho kazini. Mke wake, Ardith, alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Watoto hawakujaliwa.

"Nikitoka hapa sina mtu wa kugombana naye," alimwambia Marisela.

"Hilo ndilo ombi lako?"

"Ndilo."

"Basi kaunganishe ndege. Fuata maelekezo, mzee, kama yalivyoandikwa."

Maelekezo yalisema ndege itakuwa tayari ndani ya saa moja: chomeka mabawa, kaza skrubu, gundisha mkia, chaji betri. Verlon alirudi nayo mwezi Machi. Tatizo, alitueleza kantini, lilikuwa mkia. "Mkia wa gundi!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyesikia matusi kanisani. "Mimi, niurushe mkia wa gundi!" Alikuwa ameuvua, akaukatia mbavu za alumini, akauzungushia mabati membamba, akaupiga ribiti ndogondogo zilizopangika kama shanga. Niseme wazi: sijawahi kuona mkia mzuri kama ule kwenye ndege ya ukubwa wowote. Wahandisi walikuja kuupiga picha.

Marisela aliiinua ile ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, pale watengenezaji wake walipoweka alama. Ndege iliyo sawa hukaa hapo imetulia, pua ikiinama kidogo. Hii ilikalia mkia papo hapo, pua ikatazama mbinguni.

"Umetengeneza mkia, mzee, ndege ukaisahau," alisema. "Ni nzito nyuma hii. Haitaruka, itasimama wima."

"Mkia imara haujawahi kuua mtu."

"Utaanza na huu."

"Miaka thelathini na nane nipo kwenye mikia, dada. Wewe washa."

Ikawashwa. Ndege ilikimbia kwenye nyasi, ikanyanyuka, ikanyanyuka zaidi, ikasimama wima hewani kama farasi aliyeona nyoka, ikakata tamaa, ikaanguka chali. Pua ilipasuka. Bawa moja lilitoka, la pili likakatika katikati. Betri tuliikuta upande wa pili wa uzio. Mkia haukupata hata mkwaruzo, na Verlon, Mungu ampe umri, aliuokota, akaupangusa nyasi, akatuonyesha.

Hapo Marisela aliingiza mkono mfukoni, akatoa kibandiko chekundu kilichokwisha kujazwa sababu, akakibandika juu ya ule mkia. Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Kuna watu pale walikuwa wamekiweka akiba kifuani kwa miaka ishirini. Verlon alikitazama kibandiko, akasoma kilivyojazwa, akasema kimejazwa sawasawa. Kisha akaenda kununua ndege nyingine, akaiunganisha kwa gundi, kama ilivyoandikwa. Tulimwona akifumba macho alipokuwa akiibana.

Masomo yalianza Aprili. Kwa wasiojua: mwalimu ana rimoti yake na mwanafunzi yake, zimeunganishwa. Mwalimu akibonyeza kitufe, ndege ni ya mwanafunzi; akikiachia, ndege imerudi kwake. Wiki za kwanza kidole cha Marisela kiliachia kitufe mara nyingi kuliko anavyopepesa macho. Shida ya Verlon ilikuwa ile ya kila anayeanza. Ndege ikienda mbali nawe, kushoto ni kushoto. Ikigeuka kukujia, kushoto kunakuwa kulia, na akili ya mtu mzima inakataa. Wengine huzoea. Verlon alilitatua kwa kugeuka mwenyewe: ndege ikimjia, aliipa mgongo ili wote watazame upande mmoja, akawa anaichungulia juu ya bega huku akirudi kinyumenyume. Ndivyo alivyoifikia meza yetu ya chakula, akakalia sufuria la maharage ya nyama na pilipili na trei zima la mikate ya mdalasini. Maharage yalikuwa ya moto. Ndege ilitua salama, kwa sababu Marisela, ingawa alikuwa akilia kwa kucheka, hakuiacha.

"Usigeuke, mzee," alimwambia wakati tunammwagia maji. "Ikikujia, angalia bawa lililolala. Sukuma kijiti cha rimoti upande huohuo, kama unaliwekea nguzo lisianguke. Mengine usifikiri."

"Mtu asiyefikiri ndiye anayeleta ajali."

"Anayefikiri amekalia maharage."

Lakini aliendelea kuja. Niseme tena bila utani, maana utani ukizidi unaficha mambo: aliendelea kuja. Alikuja kwenye baridi, alikuja kwenye matope, alikuja na suruali mpya. Aliitupa ndege katika ngano ya jirani mara nyingi hata mwenye shamba akaanza kumletea mwenyewe mpaka kwenye uzio. Mwezi Mei kidole cha Marisela kikaanza kutulia juu ya kitufe. Mwanzoni mwa Juni aliichomoa kabisa rimoti yake ya mwalimu, akakunja mikono, akatazama. Verlon akazunguka uwanja, peke yake, akashusha. Hakutabasamu. Alisema bawa la kulia linapiga kelele.

Mtihani ulikuwa Jumamosi iliyopita, ya mwisho kwake. Kutua kwa kwanza kulikuwa safi. Kwa pili kulikuwa safi kuliko kwa kwanza, na watu wakaanza kusogea karibu. Kabla ya kule kwa tatu upepo ukaamka. Ndege ilipokuwa inakuja, bawa la kushoto likainuliwa. Tulimwona Verlon akisukuma kijiti, akiliwekea nguzo lile jingine lililolala, miguu yake imeganda ardhini. Iligonga nyasi, ikaruka kidogo, ikakimbia pembeni, ikasimama ukingoni mwa chokaa. Tulipiga makofi na miluzi. Watu wa stoo ya rangi, wale wale, walikuwa wanarukaruka.

Verlon aliiendea ndege, akapiga magoti. Jua lilikuwa limeshatoka, lakini alitoa tochi. Akatoa na kile kioo. Makofi yakafifia moja moja.

"Tairi la kushoto liligusa nje," alisema.

"Nimeona ndani," alisema Marisela kutoka alipokuwa amesimama.

"Nje. Kwa upana wa kidole."

"Mzee, unajua unachosema? Ukisema nje, Ijumaa ndiyo basi. Hakuna Jumamosi nyingine."

"Najua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini ni nje."

Sikumpenda Verlon kwa sehemu kubwa ya miaka hii. Dakika ile nilimpenda, na nilitamani pia kumzaba kofi. Marisela alimwendea polepole, buti zake nzito za kazini zikiburuzika, akiufuata mstari wa chokaa tangu mwanzo mpaka pale alipopiga magoti.

"Nimerudia kazi zangu kwa neno lako miaka yote niliyokuwa hapa," alimwambia. "Kuna siku nilikuwa na hakika niko sawa. Nilibishana?"

"Ulibishana kila siku."

"Nikarudia?"

"Ukarudia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mkaguzi nilikuwa mimi."

"Na hapa leo mtahini ni nani?"

 Verlon aliinamisha tochi atazame tena chokaa, amwonyeshe. Hapakuwa na chokaa ya kuonyesha. Kulikuwa na vumbi jeupe kwenye nyasi, na jingine kwenye buti za Marisela.

"Ndani," alisema Marisela. "Simama, mzee, chakula kinapoa."

Alimbandika beji yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, kama kawaida yangu, na niliona tairi lilipogusa. Macho ya Verlon hayajawahi kukosea. Nikiulizwa na uongozi, mimi nilikuwa nakula.

Uongozi, kwa njia, utamkabidhi saa ya ukutani katika hafla ya Ijumaa, zawadi ya busara kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Sisi wa idara ya mikia tunamshukuru kwa kila kazi aliyoturudishia tukamtukana, na kwa wote walioruka juu ya kazi hizo wakafika. Mkaguzi mpya ameshaanza. Ni kijana mpole, anapitisha kila kitu na kutuambia kazi nzuri, na juzi nilimkuta Marisela amesimama mbele ya mkia uliopitishwa, ameshika tochi yake mwenyewe, anaukagua upya.

Maisha yako ya kustaafu yawe matamu, Verlon. Jumatatu lala mpaka uchoke kulala. Jumamosi tunaanza mapema, kabla ya upepo, na lango litakuwa wazi.

Orval Kessinger,
kwa niaba ya idara ya mikia