Kijiti cha Mama Mkwe

Benchi lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, mbele ya chumba cha fundi cherehani. Ukikalia upande wa tofali unaheshimika. Ukikalia upande wa mguu mbovu unamwaga kahawa, na watu wanacheka kabla hujaungua. Wenye benchi walikuwa wanne. Fundi mwenyewe aliitwa Pindo, kwa kuwa kila suruali iliyopita mikononi mwake ilirudi kwa mwenyewe fupi zaidi ya alivyoomba. Wembe alikuwa kinyozi wa mlango wa pili, mtu asiyeweza kuona kitu kimechomoza asikipunguze. Kamusi, dereva wa lori mstaafu, alijua kila kitu isipokuwa saa ya kurudi nyumbani. Na Kimya aliuza kahawa, akaitwa hivyo kwa sababu ambayo ungeijua ukikaa naye kutwa. Asubuhi hiyo wote wanne walikuwa wamelizunguka kopo kuukuu la rangi, limejaa udongo, na katikati ya udongo kijiti kikavu kimechungulia kidogo tu, kama kidole cha mwanafunzi asiyejua jibu lakini anaogopa kutonyoosha.

Pindo alikitazama, moyo ukamwendea mbio kuliko cherehani.

Pindo: Jamani, mama mkwe anakuja leo.

Kamusi: Vizuri! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Pindo: Mimi siponi. Anakuja kukiona hiki. Na hiki hakina jani hata la kusingiziwa.

Sasa, msidhani ni kijiti cha hivi hivi. Mama mkwe alikuwa na mzabibu ambao hujauona sokoni wala hutauona: zabibu ndefu kama vidole, nyekundu kwenye ncha, na ukiziuma zinalia *ka!* Marehemu mumewe, mpishi wa meli, ndiye aliyeuleta, ukiwa kijiti ndani ya soksi. Jina la nchi alikoutoa hakulikumbuka, maana mpishi wa meli huiona dunia kupitia dirisha la jikoni. Miaka nenda miaka rudi mama mkwe aliwanyima watu vijiti: majirani, mashemeji, hata daktari aliyemtibu goti. Pindo alikuja kupewa kimoja mwaka huu, wanawe wameshaota ndevu. Alikipokea kimefungwa kitambaa kibichi, na maneno juu yake: "Mkwe wangu, leo nimekuamini." Haukupita muda wachimba mtaro wakapita uani kwa bibi, wakaung'oa mzabibu na mizizi yake, kuni zikaenda na mwenye kuni. Kwa hiyo ukoo mzima wa zabibu zile ulikuwa umebaki ndani ya kopo la rangi, chini ya uangalizi wa wazee wanne wanaogombania tofali.

Mkewe Pindo alishasema lake: "Kikifa, usije nyumbani. Lala kwenye cherehani."

Kamusi: Tatizo naliona. Unakimwagilia nini?

Pindo: Maji.

Kamusi: Ndiyo hapo! Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Wewe unakipa maji, halafu unashangaa hakinenepi.

Wembe: Sasa akichinjie kuku?

Kamusi: Sikusema kuku. Nimesema wahenga.

Wembe: Mimi naona hakina shida. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hicho kinanyata tu.

Pindo: Kinanyata wapi, Wembe? Kinazidi kuwa kifupi!

Wembe: Kifupi? Nani kasema kifupi? Macho yako hayo, fundi. Mtu anayepunguza suruali za watu kila siku, mwisho kila kitu anakiona kifupi.

Kamusi: Au basi kinaogopa. Kinasikia cherehani siku nzima, *kre-kre-kre-kre*. Wewe unajua ni cherehani. Chenyewe kinadhani ni msumeno!

Pindo aligeuka akaitazama cherehani yake kama mtu aliyeambiwa mbwa wake ameuma mtoto wa jirani. Kweli, aliiweka karibu sana na mlango.

Wembe: Mimi kwa ushauri wangu, kinyoe ncha kidogo. Nywele ukizinyoa zinarudi kwa hasira.

Pindo: Usikiguse!

Wembe: Mimi? Nimekigusa lini mimi? Kwani kuna mtu kasema nimekigusa?

Hakuna aliyesema. Kimya akakohoa. Wakamgeukia wote kwa heshima, kwani Kimya kuzungumza ni kama mvua ya kiangazi.

Kimya: Nauliza tu. Machicha ya kahawa, yanafaa?

Pindo: Kwa kijiti hiki?

Kimya: Kwa kijiti chochote. Tuseme mtu anacho. Simtaji mtu. Anakiweka kwenye machicha, pale dirishani, karibu na kabati.

Kamusi: Kabati gani?

Kimya: Nimesema tuseme.

Akajimiminia kahawa yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Kamusi: Machicha, upuuzi. Dawa yake ni maji ya moto.

Pindo: Kamusi!

Kamusi: Maji ya moto hayachomi nyumba, sembuse kijiti!

Wembe: Huyu mtu aliendeshaje lori na akili hizi?

Kamusi: Niliendesha vizuri, ndiyo maana nimefika sehemu ambazo wewe huzijui. Kuna mji nililala, sitautaja, wazee wa pale waliniambia mzabibu ni msafiri. Si unaona unavyotambaa, unavyopanda ukuta? Msafiri huyo! Na msafiri akikataa kushuka, kuna kitu kasahau njiani. Ukoo wa hiki ulikuja huku ndani ya nini?

Pindo: Ndani ya soksi.

Kamusi: Mtoto ukimnyang'anya shuka analia. Ninyi mmemnyang'anya soksi!

Pindo angekuwa na nafasi ya kufikiri, angekataa. Lakini mtu anayesubiri mama mkwe hana tofauti na mtu anayezama: akipewa unyasi anashika, akipewa soksi anashukuru. Kamusi akainama, akavua kiatu, akavua soksi ya kijivu iliyosafiri maili nyingi na kufuliwa chache, akakivika kijiti mpaka kwenye udongo. Kisigino kikajikunja upande, kikatazama barabarani.

Na barabarani alikuwa anakuja bibi mmoja na mwavuli, akichechemea.

— Ni yeye, alisema Pindo.

— Shikamoo, Mama! walisema wote kwa pamoja, kama darasa lililovunja kioo.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo?

— Hatujambo, Mama.

Kamusi aliachia upande wa tofali bila kuambiwa. Bibi akaketi, akanyoosha goti lake bovu, akakataa kahawa. Pindo alikuwa amesimama mbele ya kopo, suruali zake mwenyewe, kwa bahati mbaya, zikiwa fupi. Soksi ilionekana vizuri kabisa katikati ya vifundo vyake.

— Mkwe wangu.

— Naam, Mama.

— Sogea.

Akasogea.

— Hii soksi ni ya nani?

Kamusi akatazama mguu wake mmoja uliokuwa wazi, akaona hakuna wahenga wa kumwokoa. Bibi aliivua ile soksi kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya kwenye maziwa, akamkabidhi mwenyewe. Kisha akainama, akakwaruza gome la kijiti kwa ukucha. Pindo akafumba macho. Alikwishaanza kupima kwa mawazo kama meza ya cherehani inatosha kulaliwa na mtu wa kimo chake.

— Kibichi, alisema bibi. Kiko hai.

Pindo akafumbua macho. Akakaa bila kutazama upande wa mguu mbovu, kahawa ya Wembe ikamwagika, na hakuna aliyecheka.

— Lakini niambie kitu, mwanangu. Kijiti nilichokupa kilikuwa na macho manne. Haya mafundo yanayotoa majani, ndiyo macho. Nikakwambia mawili yazame, mawili yatazame.

— Ndivyo nilivyokipanda, Mama. Haki.

— Basi mbona huku juu hakuna hata moja? Yaliyobaki yote yako chini ya udongo, yanatazama giza. Mawili mengine yako wapi?

Swali jepesi hivyo. Mtoto angelielewa. Kamusi, mtu aliyekuwa na nadharia ya msumeno, ya damu na ya soksi, alianza kuigeuza soksi yake ndani nje. Kimya alipangusa kwa bidii kikombe kilichokuwa kikavu. Wembe alianza kukagua mawingu moja moja.

Pindo alisogeza uso karibu na ncha ya kijiti. Ilikatwa mshazari, safi, bila mkwaruzo, kama njia iliyochanwa kwenye nywele za bwana harusi. Mtaa mzima mkono wa hivyo ulikuwa mmoja.

— Wembe, ndugu yangu, alisema taratibu.

Wembe akainuka, akaingia kazini kwake. Akatoka na bakuli la povu la kunyolea, amelikumbatia kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na mchanga, na juu ya mchanga chipukizi lenye majani matatu, madogo kama masikio ya panya, yanang'aa.

— Mama, wallahi sikuiba. Nilipita nikaona ncha yake imechanika, kama imetafunwa na mbuzi. Nikasema niisawazishe kidogo. Mkono ukasawazisha mpaka kwenye jicho! Kukitupa nikaona dhambi. Kusema nikaona aibu. Kilipochipua ndipo aibu ikawa kubwa zaidi.

Bibi alilipokea bakuli, akayagusa majani kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine, midomo ikimtetemeka. Watu wakajua sasa analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika goti.

— Mpishi wangu huyu, alisema akipangusa macho. Amerudi kupitia kwa kinyozi! Umekipa nini?

— Sikukipa kitu, Mama. Kinakaa tu kando ya sufuria ninayochemshia taulo, kinapigwa mvuke.

Kamusi aliruka kwa mguu mmoja:

— Maji ya moto! Si nilisema? Si nilisema hayachomi nyumba?

Hakuna aliyemsikiliza. Bibi alikishika kile kijiti cha kopo, akakivuta juu polepole hadi jicho moja likachomoza kwenye udongo, akashindilia pembeni kwa kidole gumba.

— Hiki baki nacho, mkwe wangu. Sasa kinaona. Hiki kichanga naondoka nacho. Na wewe kinyozi, kikizaa nitakuita uje kula. Utakaa chini ya mzabibu, mikono mfukoni, mwanangu huyu fundi atakulisha.

Pindo alijisikia mrefu, hata suruali zake zikazidi kuwa fupi. Usiku huu atalala kitandani! Alikuwa tayari kumnunulia kahawa kila mpita njia, bibi aliposimama, bakuli mkononi, akasita.

— Mawili kwenye kopo. Moja kwa kinyozi. Na la nne?

Pindo akamtazama Wembe.

Wembe: Mimi nilikata moja tu! Nawaambia nilikikuta kimechanika!

Kamusi: Kimetafunwa na mbuzi.

Pindo: Mbuzi gani, mtaa huu?

Hapo ndipo Kimya aliposimama, akalikamata birika lake kwa mkono mmoja na vikombe kwa mkono wa pili, hata kile ambacho Kamusi alikuwa bado anakinywea.

— Jamani, alisema, kahawa imekwisha.

Akashika njia, hatua ndefu, birika likifuka mvuke na kumwagika mdomoni kila alipokanyaga kwa jinsi lilivyojaa. Mama mkwe akamkabidhi Pindo bakuli, akaufunga mwavuli, na kwa goti lake lile lile bovu akamfuata.