Mafuta ya Ademaro Hayaishi

Benchi la nje ya baa ya Ilva limekaa pale njia ya mawe inapoanza kuteremka kuelekea mto Arno, kule Italia, na kwa sababu ya mteremko huo, kikombe ukikiweka mezani bila kukishika huanza safari yake peke yake. Wanaolikalia ni wazee waliomaliza ujana wao kiwandani wakiunda skuta, wakastaafu, na sasa kazi yao ni kuzibishania. Asubuhi hiyo ya Alhamisi, mwisho wa Juni, walikuwa wamechutama wote, kahawa mkononi, wakitazama doa jeusi chini ya skuta ya Ademaro. Ademaro peke yake ndiye aliyebaki benchini, maana mgongo wake haujui tena kuinama. Alikuwa ametoa ahadi. Jumapili ampakize mkewe Delfina nyuma ya skuta ile ile ya ujana wao, ampandishe mlima Serra hadi kileleni, akaione bahari. Macho ya Delfina yalikuwa yanafungwa na pazia, na daktari amesema kabla ya mavuno ya zabibu litakuwa limeshuka lote. Mpwa wao alijitolea gari. Delfina akakataa katakata. "Kwenye gari nitaona kioo," akasema, na yakaishia hapo.

— Limekua hili doa, alisema Gualtiero. Jana lilikuwa sahani. Leo ni sinia.

Gualtiero wanamwita Daktari. Kiwandani alikuwa akipaka rangi tu, lakini hatembei bila bisibisi, na hakuna injini aliyoikuta asiipime. Akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho.

— We Daktari, injini imezimwa! Ilva alimpigia kelele kutoka mlangoni.

— Ndiyo maana nasikia vizuri. Shh! Ahaa. Sili ya krenki hiyo, ule mpira wa kuzuia mafuta, upande wa klachi. Imekufa. Injini inakunywa mafuta ya giaboksi.

— Ingekuwa inayanywa ingetoa moshi mweupe, alisema Ivo. Mbona haitoi?

— Inaona haya mbele za watu.

— Toka hapa!

— Cheka tu. Mafuta yakifika kwenye breki ya nyuma, Ademaro atapanda vizuri, lakini kushuka atashukia kwa Mungu, na shemeji Delfina mgongoni. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

Ademaro alikishusha kikombe kutoka mdomoni. Miezi yote tangu Pasaka alikuwa akiliona doa lile, akijidanganya kwamba ni dogo. Breki hakuiwaza hata siku moja.

— Basi nisiende? aliuliza.

— Uende! alidakia Sirio. Nani kasema usiende? Uende, tena kwa kasi!

Sirio wanamwita Turbo. Ni mdogo wao kwa miaka michache, na mpaka leo hajaona kitu duniani kisichohitaji kuongezwa nguvu, mashine ya kahawa ya Ilva ikiwemo. Aliweka mezani furushi la kitambaa, akalishika lisiteleze, akalifungua taratibu.

Ilikuwa silinda ya skuta. Mpya, kubwa kuliko ile ya asili, mapezi yake membamba yamepangana, ndani laini kiasi kwamba ukichungulia unauona uso wako. Ivo alivua kofia bila kujijua.

— Mama yangu, alisema Gualtiero kwa sauti ya chini. Nani kaichonga hii?

— Usiulize. Ishike.

Wakapokezana kwa mikono miwili, kila mmoja akipitisha dole gumba ndani, polepole. Ilipomfikia Ademaro ilikuwa na joto la mikono ya wenzake. Alikumbuka mara yake ya kwanza kuingia kiwandani, aliposimama mlangoni akaona injini mia zinaning'inia zikipita juu ya kichwa chake, akasahau kwamba ameitwa jina. Ajabu ile ile ilimrudia sasa, mzee mzima.

— Hiyo, na pistoni yake, na kabureta pana, na ekzosi niliyonayo nyumbani, alisema Sirio. Hiyo skuta yako haina ugonjwa, Ademaro. Ina nguvu iliyokosa mahali pa kutokea! Roho kubwa, mwili mdogo, lazima itoke jasho. Ipe mwili. Naifungua sasa hivi, Jumapili unapanda Serra mpaka ndege wanakupisha.

— Sasa hivi? Leo Alhamisi, Sirio.

— Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana tusipoteze hata dakika moja!

— Na ukikuta kitu kingine kimevunjika humo ndani?

— Nitakitengeneza.

— Skuta ya rafiki yenu Nello uliifungua wakati wa Krismasi, alisema Ilva akifuta meza. Bado iko ndani ya ndoo.

— Ile ina historia yake, dada Ilva. Usiniharibie jina.

Ivo, aliyekuwa akikuna kidevu, alisimama sasa. Ivo wanamwita Askofu, kwa kuwa utotoni alimsaidia padri altareni na sauti ile haijamtoka.

— Ndugu zangu, alisema. Nyote mnatafuta ugonjwa. Mimi nauliza, mgonjwa gani hutokwa na damu isiishe? Tangu Pasaka skuta hii inamwaga mafuta. Na wewe Ademaro, umewahi kuiongeza?

— Mimi? Na mgongo huu? Nikichutama pale mtaniinua na winchi.

— Haya! Haijaongezwa, inamwaga, na haiishi. Mnamkumbuka yule mjane wa Maandiko na chupa yake ya mafuta? Akamimina, akamimina, akajaza vyombo vya majirani wote!

— Askofu, usianze.

— Nimeanza! Labda Mwenyezi Mungu anajua kuna mtu anataka kuiona bahari. Tena nawaambia, kikulacho ki nguoni mwako!

Alisema hivyo akipigapiga mfuko wa koti lake, na ghafla akauacha. Hakuna aliyeelewa methali ile imeingiaje, lakini kwa Ivo huwa hawaulizi. Ademaro alijikuta anaitazama skuta kwa jicho jingine. Rangi ya kijani iliyopauka, taa yake ya mviringo, kiti kilichoshonwa upya na Delfina kwa mkono wake. Haijaongezwa, inamwaga, na haiishi. Hakuwa mtu wa kanisa sana, ila moyo wake ulidunda.

Lakini breki ni breki. Muujiza hauwezi kusimamisha skuta kwenye kona za Serra.

— Ifungue, Sirio, alisema mwishowe, na sauti yake ilimtoka nyembamba. Ifungue. Bora tuchelewe kuliko nimwangushe.

Sirio alikuwa ameshashika spana, amepiga goti, nati ya kwanza imeshalegea, ndipo fimbo ikasikika kwenye mawe. Tok, tok. Delfina huwa haji benchini. Husema pale wanaume wanapika maneno bila chumvi. Leo alikuwa anatoka kununua cecina ya moto, ile chapati ya unga wa dengu, karatasi imelowa mafuta mkononi, na kilichomleta ni kelele za Ivo.

— Karibu shemeji, karibu, walisema, wakasimama wote pamoja kama watoto wa shule.

— Msisimame. Nimesikia injini ya mume wangu inafunguliwa.

— Inavuja, Delfina, alisema Ademaro. Tangu Pasaka. Sikukwambia.

— Doa naliona, Ademaro. Sijawa kipofu bado.

Aliinama, yeye mgongo wake mzima, akachovya kidole kwenye doa, akakinusa, akakisugua na kingine.

— Injini hii inabeba mafuta kiasi gani?

— Glasi moja, shemeji, alijibu Gualtiero haraka. Glasi ya maji, si zaidi.

— Glasi moja. Mume wangu haongezi. Inamwaga tangu Pasaka, na mafuta yenyewe masafi, hayajaungua. Bandu bandu huisha gogo. Hili gogo lenu mbona haliishi? Nani anaongeza?

Swali dogo hivyo. Ademaro aliwatazama wenzake, watu ambao hawajawahi kukosa jibu la kitu chochote, kuanzia siasa za Roma hadi nyonga ya farasi. Gualtiero alikuwa anakagua bisibisi yake. Sirio alikuwa anafunga kiatu kisicho na kamba. Ivo aliangalia juu mbinguni, na mbinguni hakukuwa na msaada.

Ilva ndiye aliyeingia ndani, akarudi na kichupa kidogo cha mafuta chenye mdomo mrefu, akakiweka mezani. Kikaanza kuteleza. Kabla hakijaanguka, mkono wa Ivo ulitoka kwenye koti na kichupa kingine, akaviweka pamoja. Gualtiero akatoa chake soksini. Soksini, jamani! Sirio alichelewa kidogo, kisha akakichomoa chake katikati ya kitambaa cha silinda.

— Nikifagia asubuhi tu, alisema Ilva. Kidogo tu.

— Mimi baada ya misa, alisema Ivo.

— Mimi mkiwa mnacheza karata, alisema Sirio.

— Mgongo wako, Ademaro, alisema Ivo, na safari hii sauti ya uaskofu haikuwepo. Tulijua huwezi kuinama. Tulijua pia huwezi kuomba. Kila nikifungua bolti ya kupimia nakuta hamna kitu, nasema maskini, itamfia mlimani, naongeza.

— Hata mimi nilikuta hamna kitu! alisema Gualtiero.

— Mlikuwa mnaipimia wapi? aliuliza Delfina.

— Si hapahapa.

Delfina alichukua kikombe cha Ademaro, akakiweka katikati ya meza, akakiachia. Kikombe kikaanza safari yake.

— Ooo, alisema Sirio. Mafuta yamelalia upande wa chini, sisi tunapimia wa juu, tunaijaza mpaka inafurika!

— Sisi ni punda, alisema Gualtiero Daktari. Miaka arobaini kiwandani, punda!

Waliikokota skuta hadi mbele ya duka la dawa, ambako barabara ni tambarare. Sirio akaikaza ile nati aliyoilegeza, akafungua bolti ya kupimia. Mafuta yalitoka bila kuhimizwa, yakametameta juani kama asali. Gualtiero akadai chombo, na Ilva hakuwa na kingine karibu ila vikombe vya kahawa. Kikajaa kimoja. Cha pili. Wazee wakatazama huruma yao yote ikitoka kwa mkondo mwembamba. Cha tatu. Cha nne nacho kikajaa. Mkondo ukawa matone, matone yakakatika, Sirio akaifunga bolti. Gualtiero alipitisha kidole kwenye breki ya nyuma, akakitazama mbele na nyuma.

— Kavu, alisema. Kavu kabisa.

Ademaro alitaka kuwaambia kitu. Alitaka kuwatukana, kwa kweli, kwa jinsi walivyokaribia kumfungulia injini siku tatu kabla ya safari. Badala yake akawashika mabega mmoja mmoja.

— Na silinda yangu? aliuliza Sirio kwa unyonge.

— Ifunge vizuri isipate vumbi, Delfina alimwambia. Ni nzuri mno. Lakini mimi sina haraka, baba. Ninataka kuona.

Kisha akapanda nyuma, cecina yake mapajani.

— Delfina, leo Alhamisi! alisema Ademaro.

— Na mawingu yako wapi? Washa.

Iliwaka kwa teke la kwanza. Ivo alipiga ishara ya msalaba, Gualtiero akaweka bisibisi sikioni akatabasamu, na Ilva, aliyesimama na vikombe vinne vya mafuta, alitangaza kwamba leo kahawa imekwisha, hana vikombe vya kuinywea.

Walipanda Serra kwa gia ya pili, taratibu, baiskeli mbili zikiwapita. Kona baada ya kona misonobari ilifunguka. Kileleni Ademaro alisimamisha skuta, akamshika mkono mkewe hadi ukingoni. Chini kabisa, ng'ambo ya mji wa Livorno, bahari ilikuwa imetandazwa yote, na kisiwa cha Gorgona kimekaa juu yake.

— Ile pale, alianza, ukifuata mkono wangu, kuna mstari wa...

— Nyamaza, Ademaro. Usinielezee. Naiona.

Akaushusha mkono. Nyuma yao injini ilikuwa inapoa, tik, tik, na lami chini yake ilikuwa kavu.