Kocha Aende kwa Miguu: Wasifu wa Mdogo Wetu, Labda

Mdogo wetu tunayemsindikiza leo, ambaye nyumbani sote tulimwita Labda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 katika hospitali ya wilaya, kitinda mimba wa mama yetu, fundi cherehani, na marehemu baba yetu, dereva wa lori. Mimi ninayesoma ni dada yake mkubwa. Jina hilo alijipatia mwenyewe. Ukimuuliza kama amekula, labda. Kama ndiye aliyevunja kikombe, labda. Mama aligomba mpaka akachoka.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya stendi kuanzia 1991 hadi 1997, akaendelea na sekondari, na mwaka 2007 akahitimu shahada ya kompyuta. Besiboli aliijulia dukani kwa fundi redio, kwenye televisheni isiyokuwa na sauti. Hakukuwa na wa kumweleza sheria, kwa hiyo alizibuni mwenyewe, na nyingine alizipatia.

Mwaka 2009 aliajiriwa na kampuni ndogo ya michezo ya kompyuta, chumba kimoja juu ya duka la vioo. Katika mchezo wao wa besiboli hupigi mpira, unaendesha timu. Unatuma maskauti wakutafutie vipaji, unaajiri makocha. Maskauti na makocha hao aliwatunga yeye. Alikataa kabisa skauti atoe alama za uhakika. "Skauti ni mtu," alisema, "na kila mtu hukosea kwa namna yake." Yule anayemsifu kila kijana, "Huyu atafika mbali!", alimchota kwa mjomba wetu. Mjomba, usinune, wengi wamekupenda bila kukujua. Yule asiyeridhika na mtu yeyote ni mimi.

Jambo moja liliwagombanisha kazini. Katika besiboli, mrushaji akichoka, kocha humwendea kwa miguu hadi katikati ya uwanja, hunyoosha mkono, na kijana humkabidhi mpira, akaenda kupumzika. Wenzake walitaka kibofywe kitufe, yaishe. Wateja nao walilalamika kwamba kocha yule mzee anawachelewesha. Labda alikataa katakata. "Mtu aliyechoka haitwi kwa kitufe. Anafuatwa." Mama alipoonyeshwa akashangaa: "Sasa huyu babu anakwenda wapi na mwendo wa kinyonga?"

Labda akamjibu, "Anamfuata kijana wake, mama. Hamgombezi. Anaomba mpira tu."

Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Wifi anasema alimuuliza kama anampenda kweli, naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakujibu labda. Walijaliwa binti mmoja, ambaye alimfanya awahi kurudi nyumbani.

Januari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alimuuliza daktari, "Wewe unaonaje?" Daktari akasema, "Sijui, kaka. Tutajaribu." Alimshukuru kwa jibu hilo. Sisi wengine tulishika maneno ya mjomba: "Huyu anapona, hamuoni macho yake?" Hata mimi nilimwamini mjomba. Kila aliyeingia wodini alimwambia, "Jikaze." Naye alijikaza kwa ajili yetu, hadi ikawa tunaumia kumtazama.

Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, mchana, pumzi zilikuwa zikimjia kwa taabu. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, akirudia, "Jikaze, baba, jikaze." Akainuka, na magoti yake mnayajua, akatembea polepole hadi kitandani. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Lete mpira, baba," alisema. "Umecheza vya kutosha."

Labda alimtazama, akaweka mkono wake kwenye kile kiganja. Alifariki saa tisa alasiri, mama akiwa bado amemshika. Moyo wangu umevunjika, na sijui nitaambiwa nini ukapona.

Ameacha mama, mke, binti, kaka mmoja, dada mmoja, na mjomba aliyemwamini kuliko sisi sote. Ameacha pia wachezaji wasiotujua, ambao hata leo watamngoja yule babu afike katikati ya uwanja. Tunawaomba wasimharakishe.

Mpira tumeupokea, mdogo wangu. Sasa pumzika, kwa amani.