Dirisha la Tatu Linaachwa Ijumaa, na Nyumba Mia Mbili Hazijasainiwa

Aliyebandika tangazo mlangoni kwamba karani wa dirisha la tatu "anakwenda kupumzika" akalibandue mwenyewe kabla sijambandua yeye. Mtu hapumziki na kazi yake iko nusu mezani. Ijumaa hii, tarehe thelathini, anatimiza miaka thelathini na mitatu katika ofisi hii ya kodi ya majengo na kustaafu, na nyinyi mnabishana rangi ya viti vya sherehe.

Mkuu wa ofisi amenipa ukurasa huu wa jarida la ofisi nimuage kwa kuwa mimi mpika chai ndiye niliyekaa naye kuliko wote. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno ya kupigwa pasi.

Alikuja kijana mwembamba, suruali inamshinda kiunoni, akapewa dirisha la tatu kwa sababu kiti chake kilikuwa kibovu na wakubwa walikikataa. Tukamwita Nani-Anaishi-Humo, na jina alijitafutia. Kila aliyekuja kulipa aliulizwa: nani anaishi humo, nani kazaliwa, nani kahama. Foleni ilifika barabarani. Siku moja mwenye bucha la kona akamwambia, "Wewe karani unatoza kodi au unatafuta mchumba?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Mchumba ninaye. Nitajie wa chumba cha uani." Mwenye bucha akataja wote, hata mama mkwe wake ambaye kwa miaka sita alikuwa "yuko njiani kuondoka". Hivyo ndivyo kila nyumba ilivyopata kadi yake, na kadi zikajaa makabati manane.

Wengi wenu mnavuka daraja asubuhi kuja kazini na jioni mnarudi, ndiyo maana hamjui alijisumbulia nini. Ng'ambo ya daraja mna mbunge. Sisi tunaolala upande huu, katikati ya ofisi kuu za serikali, hatuna. Sheria ya zamani inasema hapa ni mahali pa kazi, hapakai mtu. Kodi lakini tunalipa kama nyinyi, na kuwazidi. Ilipopanda mara ya mwisho, mbunge wenu alisimama akasema, yenu ikashushwa. Yetu angeisemea nani? Wakati wa kulipa tupo, wakati wa kura hatupo. Nina wajukuu tisa na sijawahi kumpigia kura mbunge hata mmoja, na si kwa uvivu.

Mkuu wa zamani hakuzipenda kadi. Alisema ofisi inatoza majengo, haihesabu watu, akamtupa stoo ya karatasi miezi minane. Aliyeshika dirisha akawa anaandika jina la mlipaji na kiasi, basi. Mdogo wangu huyu, wa umri si wa damu, aliporudi hakulalamika. Jumamosi zake za mwaka mzima zilikwenda kugonga milango na kuziba lile pengo. Mkewe alikuja kunishtakia kwamba mumewe anazijua nyumba za watu kuliko yake. Nilimwambia, dada, haki unayo, lakini vumilia.

Sasa Bunge limeunda tume itazame kama kweli upande huu unakaliwa na watu, ndipo waamue kama tupewe mbunge. Tume haitaki maneno. Inataka orodha ya wakazi, nyumba kwa nyumba, yenye saini ya karani yeyote wa ofisi hii aliye kazini, na mwisho wa kupokea ni hiyo hiyo Ijumaa saa kumi jioni. Nyumba isiyosainiwa itaandikwa tupu. Zikiwa tupu nyingi, watasema sheria ya zamani ilikuwa kweli, na sisi tutaendelea kulipa na kunyamaza.

Hadi jana jioni alikuwa amesaini nyumba mia tatu na mbili. Zimebaki mia mbili. Kwa siku hutoa thelathini, akijikaza, na siku zimebaki nne. Hesabu mmesomea nyinyi, si mimi. Mtaa wa magereji, ninakokaa na binti yangu na wanawe watatu, uko kabati la mwisho kabisa. Usingizi umenipaa. Chai ya jana mliisema haina sukari. Ni kweli, nilisahau.

Na yeye simpaki mafuta. Kadi amezijaza alama anazozijua peke yake: nukta ni mpangaji, mkia ni aliyehama, duara ni aliyefariki. Nilimwambia miaka yote afundishe mtu, akasema vijana hawana subira. Wiki iliyopita karani wa dirisha la pili alijaribu kumsaidia, akadhani duara ni mtoto mchanga, akawaandika marehemu watatu kwamba wanasubiri chanjo. Mzee akamnyang'anya kadi. "Acha, nitafanya mwenyewe." Kijana akarudi kwenye simu yake, na mzee akarudi kwenye ukaidi wake, na kadi zikabaki zinawatazama. Wote wawili walikosea. Mmekula ng'ombe mzima, mkia ndio uwashinde?

Mdogo wangu, tunakushukuru. Wengine walituuliza pesa, wewe ulituuliza majina. Ukatuandika hata sisi wa vyumba vya uani. Tunakuombea magoti yasiyouma, watoto wanaokukumbuka, na mke asiye na la kunishtakia. Lakini hayo yote yaanze Jumamosi, si kabla.

Leo hii, ukishausoma ukurasa huu, mkuu wa ofisi, funga dirisha la pili na la nne. Wenye kulipa watasubiri, hapa tumezoea kusubiri. Makarani wa madirisha hayo, bebeni viti mwende chumba cha makabati, simu ziacheni kwangu jikoni. Na wewe Nani-Anaishi-Humo, wape alama zako zote, moja moja, bila kunyang'anya mtu kadi. Kisha wewe endelea ulipofika, wao waanze na kabati la mwisho warudi nyuma, na asinyanyuke mtu mpaka mkutane katikati.