Afande Kamili na Hesabu ya Watu 214

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne kazini, sajini wetu wa lango kuu anakabidhi funguo. Gereza zima linamwita Afande Kamili, kwa sababu kila asubuhi huhesabu wafungwa, na zamu haitoki mpaka atamke, "Kamili." Kuna siku alituchelewesha saa nzima kwa ajili ya mfungwa mmoja aliyesinzia nyuma ya magunia ya jikoni. Tulinuna. Yeye alirudia kuanzia mmoja.

Alianzia mnara wa pili, akahamia stoo, kisha langoni. Baadhi ya aliowafundisha leo ni wakubwa wake, na bado wakikaribia lango huchomekea mashati.

Mwaka jana yalikuja mapendekezo ya kupandisha umri wetu wa kustaafu kutoka hamsini na tano hadi sitini, na kuongeza makato ya pensheni. Mkutano wa maoni uliitwa Jumatatu saa nne asubuhi. Walifika thelathini na mmoja. Wengine tulikuwa minarani, likizo, au tumelala baada ya zamu ya usiku. Taarifa ikaandikwa kwamba watumishi wameshirikishwa. Yeye, katibu wa kamati yetu ya watumishi, alitakiwa kusaini tu. Akairudisha: "Hesabu haijatimia. Tuko mia mbili na kumi na wanne." Akaomba wiki mbili, akapewa moja.

Alizungusha fomu za maoni zamu kwa zamu, akipanda ngazi za minara na magoti yake yale yanayomsumbua. Kwangu alinikuta likizo ya uzazi, usingizi sijui uko wapi. Nikamwambia, "Mama, andika lolote, nitasaini." Akampokea mtoto, akanipa kalamu. "Mwanangu, ukifika sitini utakayepanda mnara ni wewe, si mimi. Soma." Nikasoma. Nikaandika ukurasa mzima.

Zilirudi fomu mia mbili na kumi na tatu. Tukamsaka huyo mkaidi mmoja mchana kutwa, kumbe ni yeye mwenyewe. Aliyezoea kuhesabu wengine hajihesabu. Akaijaza amesimama pale langoni, ingawa mabadiliko yale hayakumhusu, maana yaliwaacha nje waliokaribia kustaafu kama yeye.

Fomu zote zikaambatanishwa na taarifa. Makato yamepanda, tusidanganyane. Lakini kwa sisi tuliomo kazini, umri umebaki hamsini na tano.

Asante, Afande. Kayapumzishe magoti, na siku zako zilizo mbele ziwe njema na ndefu. Tarehe mosi Julai langoni nitasimama mimi, na sitatamka "Kamili" mpaka iwe kamili.