Neno Moja Katika Barua ya Makandi

Kijiwe chetu ni benchi ya mbao nyuma ya banda la kupakia miraa, hapa Laare. Mimi Peninah ndiye ninauza kahawa hapo, kwa hivyo kinachosemwa nakisikia. Saa nane mchana, magari ya miraa yakishaondoka, wenyewe hufika. Kuna Kiambi, tunayemwita Waziri kwa sababu kila habari huimaliza na "serikali imeamua". Kuna Mbaabu, ambaye ni Daktari, kwa vile huuza dawa za ng'ombe. Murungi hana jina la utani. Binti yake Makandi alikuwa ameenda Ghuba kufanya kazi ya nyumbani, na kwa miezi miwili simu yake ilikuwa haipatikani. Jumanne hiyo Murungi alikuja na bahasha aliyoletewa na mwanamke mmoja aliyetoka huko. Ndani mlikuwa na karatasi mbili za Kiarabu, na mhuri.

— Hii mhuri ni kubwa, Waziri akasema. Chanda chema huvikwa pete. Hii ni barua ya sifa, mzee. Wamempandisha cheo.

— Cheo gani kwa jikoni ya mtu? Daktari akauliza. Dalili ya mvua ni mawingu. Huyo tajiri anataka kumwoa, sasa anaomba ruhusa.

— Na mbona hajataja ngamia wa mahari?

— Umejuaje hajataja? Kwani unasoma hapo?

— Basi ni shamba wanataka. Hao watu wa jangwa wanatafuta milima ya baridi. Wameona Nyambene kwa setilaiti, wakapatia msichana karatasi ndio babake aweke kidole.

Murungi hakucheka.

— Nimepeleka kwa yule mnunuzi Msomali, akasema polepole. Ananiambia yeye husoma Kurani, lakini hii ya maofisi haelewi. Nikaweka kwa simu itafsiri. Simu ikasema, "mlango wa pili utapumzika."

Hapo ndipo nikaropoka:

— Si Kinya alisoma hiyo lugha?

Waziri akainamia kikombe chake. Kinya ni binti yake. Alikuwa chuo kikuu, mwaka wa pili wa Kiarabu, wakati serikali ilipopunguza pesa za lugha za kigeni. Darasa lao lilikuwa la watu saba. Idara ikafungwa, wakaambiwa wachague kozi nyingine. Kinya hakuchagua. Alirudi nyumbani, na sasa hufunga miraa kwa majani ya ndizi humo bandani. Siku habari hiyo ilipotufikia, Waziri aliketi kwa hii hii benchi akasema serikali imefanya vizuri, kodi ya mkulima isimlipie mtu kujifunza ya Waarabu. Nakumbuka kwa sababu Kinya alikuwa amesimama nyuma yake na begi bado iko begani.

Nikaenda kumwita. Akaja akipangusa mikono.

— Muga, Baba Makandi, akamsalimu Murungi.

Akasoma akiwa amesimama, kidole kikitoka kulia kwenda kushoto.

— Hili neno hata nyinyi mnalo, akasema. Mahakama. Hili ni hukumu. Na hapa ni dhahabu. Wanasema alichukua bangili ya dhahabu ya mama wa nyumba.

— Makandi? Murungi akasema. Huyo mtoto hakuwahi kuokota hata ndizi ya jirani.

— Wamemfunga miaka miwili, mzee.

Murungi akaweka kikombe chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

— Kuna kitu ingine hapa mwisho, Kinya akaendelea. Ndani ya siku thelathini. Thelathini yao ni hiyo yetu. Ndani ya siku thelathini anaweza... Hapo sijui.

— Anaweza nini? Murungi akauliza.

— Hilo neno silijui.

— Si ulisoma? babake akamwuliza.

— Nilisoma miaka miwili, baba. Mambo ya mahakama na maofisi yalikuwa ya mwaka wa tatu.

Hakuna aliyemwangalia Waziri.

— Pengine ni faini, Daktari akasema.

— Ama wamrudishe kwao, nikasema.

— Ama ndio siku zake za mwisho... Daktari akaanza, halafu akamtazama Murungi.

Kinya akapiga picha mstari huo akamtumia aliyekuwa mwalimu wake. Mwalimu huyo naye aliachishwa kazi idara ilipofungwa, siku hizi anauza viatu Isiolo. Tukangoja. Kahawa ikapoa mikononi. Jibu likaja: "Hilo ni rufaa. Angalia tarehe ya hukumu haraka."

Tarehe ilikuwa ya miezi ya Kiislamu. Kinya akahesabu kwa vidole, akarudia.

— Leo ni siku ya ishirini na nane.

Waziri akasimama. Sijawahi kumwona akisimama kabla ya kahawa kuisha. Akatoa simu yake, akampa binti yake.

— Piga ubalozi wetu wa huko. Piga mpaka washike.

Mara ya nne wakashika. Wakasema rufaa iandikwe kwa Kiarabu. Kinya akaketi kati ya babake na Murungi, mwalimu akimsomea kwenye simu, yeye akiandika, akifuta, akiandika tena. Murungi akatia sahihi, Kinya akaipiga picha akaituma ubalozini.

— Nilisema kodi yangu isilipie hii, Waziri akasema, kama anayeongea na viatu vyake.

— Ulisema, baba, Kinya akajibu, na akaendelea kuandika.

Barua iliingia mahakamani siku ya thelathini. Baada ya miezi mitano hukumu ikafutwa, kwa sababu hakukuwa na shahidi hata mmoja. Makandi akarudi Laare amekonda, nywele zimekatwa. Mama yake, Lydiah, alimshika kwenye lango la kanisa wakakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Wiki iliyopita Makandi alikuja kijiweni mara ya kwanza. Waziri na Daktari walikuwa wameshaanza, Kinya akipanga majani ya ndizi kando yao.

— Serikali lazima irudishe hiyo kozi, Waziri alikuwa akisema. Na wengi wasome, si saba.

— Na Kichina pia, Daktari akaongeza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikammiminia Makandi kahawa. Hakuinywa.

— Kwa ile seli tulikuwa wasichana kumi na mmoja wa Kenya, akasema. Kulikuwa na Mukami, wa kule Karurumo, Embu. Kila mmoja alipewa karatasi kama yangu. Mukami alikuwa ameikunja ndogo, anaficha ndani ya nguo, kila asubuhi anaifungua, anaiangalia, anaikunja tena.

Akatutazama mmoja mmoja, mpaka akamfikia Kinya.

— Hizo zingine kumi, nani alizisoma?