Bi Kongkaew Phimsaen na Viwavi Wake wa Hariri

Bi Kongkaew Phimsaen alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kijiji cha Ban Non Taeng, wilaya ya Chonnabot, mkoa wa Khon Kaen. Alikuwa mtoto wa tatu wa Bwana Sing na Bi Khamphong, wakulima wa mpunga na wafugaji wa viwavi wa hariri.

Alisoma katika shule ya hekalu la kijiji hadi darasa la nne, mwaka 1967. Siku moja mwalimu aliwauliza ni mnyama gani asiyehitaji majani. Mmoja akasema chui, mwingine akasema paka. Kongkaew akasimama.

“Hakuna, mwalimu. Paka wetu anakula panya, panya anakula mpunga. Ukifuata mkia hadi mwisho, unakuta jani.”

“Na wewe unakula majani, sivyo?”

“Jana nilikula viwavi waliochemshwa. Wao walikula mforosadi, na mforosadi ulikula jua.”

“Haya, Bibi Mforosadi, kaa chini!” Darasa lilicheka, na jina hilo likamganda hadi uzeeni.

Kazi ya hariri alifunzwa na mama yake. Mara tano kwa siku alikata majani ya mforosadi na kuyatandaza juu ya nyungo walimolala viwavi. Kiwavi wa hariri si mbuzi. Mbuzi aliyesahauliwa hukata kamba akajitafutia. Kiwavi asipoletewa jani hufia palepale alipo, hata kama shamba liko hatua kumi tu. Bi Kongkaew alilijua hilo, na hakuwahi kulifanyia mzaha.

Mwaka 1975 aliolewa na Bwana Bunthan, mtu mpole, fundi wa mikokoteni. Walijaliwa watoto wawili, Adun na Ratri. Bwana Bunthan alifariki mwaka 1999. Watoto walikwenda kutafuta kazi, Adun kiwandani Rayong, Ratri Bangkok. Majirani nao waling'oa miforosadi, wakapanda miwa. Kuanzia mwaka 2008, kijiji kizima kilibaki na nyumba moja tu yenye viwavi.

Viwavi hawastahimili harufu kali. Kwa hiyo mgeni aliyejipaka manukato, au aliyetoka kupulizia dawa ya mbu, alitandikiwa mkeka uani. Watu waliona wanadharauliwa, wakaacha kuja. Hata wajukuu walikaa uani, kisha hawakuletwa tena. Bi Kongkaew alikula wali wake akiwa ameuelekea ukuta wa nyungo, akisikiliza maelfu ya vinywa vikitafuna, mlio kama mvua juu ya paa. Aliwahi kusema kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake.

Tarehe 2 Juni mwaka huu, 2019, alishikwa na maumivu makali upande wa kulia wa tumbo. Viwavi walikuwa wameamka kutoka usingizi wa pili wa kujivua ngozi, wakabakiza kama siku kumi na mbili za kula kabla ya kusuka vifuko. Alimpigia simu Adun.

“Mwanangu, njoo siku kumi na mbili tu. Unikatie majani, nami niende kwa daktari.”

“Mama nawe! Likizo nitaitoa wapi? Wamwage hao wadudu, uende leo hii!”

“Wana njaa.”

“Na wewe je?”

“Mimi nimeshakula.”

Alimpigia Ratri. Ratri alicheka kidogo, akasema, “Mama, ungenizaa kiwavi ningependwa zaidi,” kisha akasema ana wateja. Alimpigia pia mpwa wake Phikun, mwalimu wa chuo aishiye kilomita kumi na mbili tu kutoka hapo. “Mitihani ikiisha, shangazi,” Phikun alimjibu. Mitihani iliisha, naye hakwenda. Ni yeye anayewasomea wasifu huu hapa mazishini, na hana la kujitetea.

Alikata majani kwa siku kumi na tatu, mwishowe akitambaa. Viwavi walipomaliza kusuka vifuko vyao, tarehe 16 Juni, alipanda gari la jirani hadi hospitali ya mkoa. Mawe ya nyongo yalikuwa yameziba mfereji, na uchafu umeingia katika damu. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Julai, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na mpwa mmoja. Vifuko vya mwisho havikupata wa kuvichemsha ili avute nyuzi, hivyo viwavi waligeuka nondo, wakatoka wote, wakataga mayai kila mahali. Mayai hayo yalianguliwa jana. Ni viwavi wadogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa, na hawajui kwamba kuna msiba.

Asubuhi hii, kabla watawa hawajafika, Adun alikuwa shambani na kisu cha mama yake, akichuma majani mapana. Bi Thongyun, mfugaji wa zamani wa viwavi aliyekuja mazishini kutoka kijiji cha pili, alimkemea kutoka uani: “We Adun! Unawalisha ng'ombe? Hao wachanga. Chuma ya kileleni, laini, uyakate membamba kama tumbaku!” Adun aliyamwaga yote, akaanza upya. Hakuna aliyemuuliza kama kesho atarudi Rayong.

Bi Kongkaew na alale kwa utulivu, afike palipo pema. Kwa leo, majani yapo.